Kikombe Kisicho na Mkono

Mwalimu Nishida aliporudi kwao
alituachia deni dukani kwa Mngazija,
baiskeli yenye tairi moja zima,
na kikombe,
kimefungwa kwa gazeti ambalo hatukujua
juu ni wapi, chini ni wapi.
Gazeti mama akalitandika kwenye droo ya vijiko.
Kikombe akakipandisha juu ya kabati,
jirani na saa iliyokufa.

Miaka miwili alipanga chumba chetu cha uani,
Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani,
akifundisha hesabu na kunywa maji ya mchicha.
Ndivyo mama alivyoiita chai yake:
chungu, haina sukari, haina salamu.
"Na kikombe gani hicho hakina mkono?
Mtu ashike moto kwa imani?"

Mimi nilikipenda kwa siri.
Kijani chake hakikuwa kimoja:
mdomoni chepesi, jani la mkonge likipigwa na jua;
kikishuka kinakuwa kizito, kinajikusanya,
kama ule utando wa ukingoni mwa kisima;
na kabla hakijafika kitako, kimesita.
Tone moja linaning'inia pale, limegeuka kioo,
tangu siku ya tanuri halijaamua kudondoka.
Chini ya tone, udongo mtupu,
rangi ya mkate wa mofa,
unaokwaruza ulimi (nilijaribu).

Juzi shangazi Mkunde kashuka kutoka Muheza
kuja kung'oa jino.
Shavu limevimba, hasemi na mtu.
Macho yakapanda kabatini.
"Nipe."

Hakukitazama ndani, kama tufanyavyo sisi.
Alikipindua kwanza,
akakigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza,
kama alivyogonga vyungu maisha yake yote
kabla ya kuvipeleka mnadani,
vyungu vya watu,
huku kwake wali unaliwa kwenye bakuli la plastiki
(mfinyanzi hulia gaeni;
gae la siku hizi ndilo hilo).

"Kimeiva," akasema. "Moto haukukionea haya."

Kisha akaviona vidoa vitatu karibu na kitako,
mahali kijani hakikushika.
Mimi nilidhani ni kasoro,
niliwahi hata kuvisugua kwa majivu.
"Hapa alikishika, akikichovya."
Akaweka vidole vyake juu ya vile vidoa,
kimoja,
kingine,
cha tatu kikatafuta kidogo,
vikakaa.

Vidole vya kushoto.

Mama akaacha kukuna nazi.
Maana sote tunaijua ile kamba ya katani
ambayo babu aliufungia mkono ule nyuma ya mgongo,
kila mlo, mwaka mzima,
mpaka mtoto ajue kula kama watu.
Alama ipo bado, bangili isiyovulika.
Mkono wa chooni, walimwambia.
Na ndio huohuo uliokuja kufinyanga,
uliojua unene wa ukuta wa chungu gizani.
Wa kulia ulijifunza kula, basi.

Hatukujua la kusema.
Birika ndilo lililosema, likafurika jikoni.
Mama akakisuuza kikombe,
akamimina chai ya maziwa, tangawizi,
sukari vijiko vitatu
(Nishida angefumba macho),
akakiweka mkekani bila kumtazama mtu.

Na kwa kuwa hakina mkono,
na kwa kuwa chai ilikuwa ya moto,
ilibidi shangazi akishike kwa mikono yote miwili.
Mbele ya watu, mchana.
Akanywea upande usiouma,
polepole, jasho likimtoka puani.

"Aliyekifinyanga ni mwanamke?"
Hatujui, tukasema. Nishida hakusema.

Akakizungusha mpaka vile vidoa
vikarudi chini ya vidole vyake.

"Huyu," akasema, "hawakumfunga."